Mwalimu wa Zamu Aliyetaka Kuarifiwa

Kwenye shule ya msingi niliyopangiwa kazi kule Kanazi, wilayani Ngara, nikiwa bado nawaogopa wanafunzi wa darasa la saba, tulikuwa walimu saba, na ratiba iliyobandikwa ukutani ofisini ilisema kila mmoja wetu ashike zamu wiki moja kisha ampishe mwenzake. Mwalimu wa zamu ndiye anayefika kabla jua halijatoka, anayesimamia wanafunzi wakifagia, anayegonga kengele ya kila kipindi, anayewashughulikia wachelewaji na anayebaki nyuma kujaza kitabu cha zamu wakati wenzake wameshafika nyumbani wanamenya ndizi. Sijapata kukutana na mwalimu anayeipenda zamu. Huyu mmoja aliishika kila wiki, muhula baada ya muhula, miaka yote niliyofundisha naye, na siku uliyojaribu kumpokea alikununia mpaka Ijumaa. Ndiyo maana wanafunzi, wazazi na sisi wenzake tulimwita Mwalimu wa Zamu, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo.

Habari za kuzaliwa kwake na ukoo wake sina, na hata ningekuwa nazo nisingeanza nazo, maana mtu huyu alianzia masikioni. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, tukiigonga kwa kipande cha nondo. Mwalimu mwingine akiigonga, Mwalimu wa Zamu alijikunja kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi mgongoni. Akiigonga mwenyewe, tena kwa nguvu zake zote mpaka ng'ombe wa jirani wanainua vichwa, alitabasamu. Mwezi wangu wa kwanza nilimuuliza inakuwaje.

"Kelele yangu naijua, binti," alisema. "Inapiga hodi humu ndani kabla haijatoka. Ya kwako inanikuta nimekaa zangu."

Hapo ndipo ilipotoka sheria yake kuu, ambayo haikuwamo katika waraka wowote wa wizara: umwarifu kwanza. Ukitaka kuburuta kiti ofisini, unamwarifu. Ukitaka kufunga mlango, kukohoa, kupasua kuni za chai, unamwarifu. "Mwalimu, naarifu, napiga chafya." Yeye anaziba masikio kwa vidole viwili, anakaa sawasawa, anaitikia kwa kichwa, na wewe sasa unatakiwa uipige hiyo chafya. Mara nyingi ilikuwa imeshakimbia. Mnabaki mnatazamana, yeye na vidole masikioni, wewe na mdomo wazi, mpaka mmoja acheke.

Wanafunzi waliipenda sheria hiyo kuliko zote. Darasani kwake ulisikia, "Mwalimu, naarifu, nafungua dirisha!" na "Mwalimu, naarifu, rula inaanguka!" Yeye mwenyewe hakuwahi kuchapa mtoto, si kwa upole, bali kwa sababu fimbo ina mlio. Siku moja hata hivyo alikasirika kweli, akaokota fimbo, akamwita binti mmoja wa darasa la nne aliyechelewa wiki nzima. Mtoto akasimama mbele yake, midomo inamcheza, akasema, "Mwalimu, naarifu, nalia." Mwalimu wa Zamu akaiweka fimbo chini, akaziba masikio, akaitikia kwa kichwa ili aanze. Mtoto alilia vizuri kabisa, akamaliza, wote wawili wakaenda darasani, na fimbo ikabaki pale uwanjani hadi mtu akaichukua iwe kuni.

Mimi sheria hiyo imeniharibu. Mpaka leo siwashi mashine ya juisi bila kumwarifu mume wangu, naye ameshazoea kujibu "karibu".

Usidhani alikuwa mtu wa kimya kimya. Jumapili kigangoni aliimba besi kwa sauti iliyofanya mabenchi yatetemeke, na akina mama wa mbele walihamia nyuma kuikwepa. Alichukia kuguswa kidogo, mkono wa begani ulimrusha kama moto, lakini akikushika mkono wa salamu aliuminya mpaka unasahau ulichotaka kusema. Alivaa shati ndani nje, mishono na vifundo vyote vikiwa hadharani, na lebo za shingoni alizikata kwa wembe. Mkaguzi wa shule aliyetoka Ngara mjini alimwambia kwa upole, "Mwalimu, umegeuza shati."

"Hapana, Ndugu Mkaguzi," akajibu. "Fundi ndiye aliyeligeuza. Mimi nimelirudisha."

Akisahihisha madaftari alipakata gunia, nusu gunia la mahindi, likimlalia mapajani kama mtoto mzito. Alisema likimkandamiza hivyo kichwa kinatulia na kalamu inakwenda. Sisi tulikuwa na hakika kwamba anayalinda yasiibiwe, na mwalimu mkuu wetu, mzee wa Kihangaza mwenye tumbo na moyo wa huruma, aliudhika sana kwamba kuna mtu ofisini anamshuku.

Halafu kulikuwa na habari ya jicho. Njia ya kwenda kwake ilipita katikati ya mistari miwili ya mikaratusi, na jioni jua lilipenya kati ya mashina, mwanga, kivuli, mwanga, kivuli, kwa mwendo wa baiskeli. Mwanga huo ulimvuruga. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba akifumba jicho moja anapita salama. Sasa fikiria baba mtu mzima juu ya baiskeli, shati ndani nje, anapita mbele ya akina mama wanaotoka shambani, anawakonyeza wote mmoja baada ya mwingine, hachagui mzee wala kijana. Waume watatu walikwenda kumshitaki kwa mwalimu mkuu kwa siku tofauti. Wa nne alikwenda kushitaki kwamba mkewe hakukonyezwa.

Nimekawia kulisema jambo lenyewe kwa sababu linaniaibisha. Mwalimu wa Zamu alikuwa na kifafa. Kwetu jina hilo halikutajwa, tulisema "ugonjwa wa kuanguka", tena kwa sauti ya chini. Na tuliamini, naomba radhi kwa wenye adabu, kwamba mwenye ugonjwa huo akijamba wakati ameanguka, aliye karibu anaupata papo hapo. Si wanakijiji peke yao walioamini hivyo. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, nilifundisha sayansi darasa la tano na la sita, na niliamini.

Kabla ya miaka ya wakimbizi alikuwa akianguka mara chache sana, nyumbani kwake, na shuleni tulijua kwa uvumi tu. Kisha watu wakavuka mpaka kwa wingi ambao hatukuwahi kuuona, makambi yakajaa vilima, na pamoja nao zikaja kelele ambazo Ngara haikuwa nazo. Malori ya chakula yalipita tangu alfajiri, milio ya breki zake ikisikika kilima cha pili. Kulikuwa na majenereta, vipaza sauti, filimbi za kupanga watu foleni. Darasa la tatu bati lake lilikuwa limeng'oka, tukapewa turubai la plastiki la buluu kulifunika, na upepo ukija lilipigapiga mchana kutwa. Mwalimu wa Zamu alihangaika. Alikwenda kusimama barabarani akiwaomba madereva wa malori wamwarifu kabla ya kupiga honi. Mmoja alikubali, akapiga honi kumwarifu.

Jumatatu moja tulikuwa mstarini, wanafunzi wote wamepangwa, yeye mbele na nondo yake mkononi. Helikopta ikatokea nyuma ya kilima, chini chini, ikapita juu ya vichwa vyetu. Helikopta haikuarifu. Nilimwona anainua mkono kuelekea sikioni, mkono haukufika, akaanguka kwenye vumbi na kuanza kutikisika.

Nitaeleza tulivyofanya bila kupunguza. Mwalimu mkuu aliruka ua wa minyaa, yeye na tumbo lake, bila kuugusa. Wanafunzi walitawanyika pande zote, wa darasa la kwanza wakiwa wameziba pua kwa mikono miwili ingawa hawakujua kwa nini. Mwalimu mwenzangu alijifungia stoo ya majembe. Mimi nilikimbilia nyuma ya choo, nikasimama pale nimejifunika kanga puani, nikichungulia, na nilipochungulia niliona uwanja mtupu na mtu mmoja amelala katikati yake peke yake.

Alipozinduka alikaa kwanza. Akatazama kushoto na kulia. Akajipangusa, akaitazama saa yake, akaenda kugonga kengele ya kipindi cha kwanza. Hakuna aliyekuja. Aliingia darasani, nikamsikia akilifundisha darasa tupu kugawanya kwa tarakimu mbili, mpaka watoto walipoanza kurudi mmoja mmoja na kukaa madawati ya nyuma.

Jioni, kitabu cha zamu kikiwa wazi mezani, nilisoma alichoandika kwa mwandiko wake wa kunyooka. "Usafi: mzuri. Mahudhurio: mazuri hadi saa moja na nusu. Tukio: mwalimu wa zamu alianguka kwa sababu ya helikopta. Dakika: haijulikani. Aliyebaki: hakuna."

Kamati ya shule iliitishwa. Mzazi mmoja alisimama akasema, "Huyu mwarimu ni mtu mzuri, hatukatai. Lakini atatumarizia watoto. Apumzishwe." Wengi wakaunga mkono. Hapo ndipo kazi yake yote ilipokuwa inaponyoka, na kama utetezi ungetegemea upendo wetu, angeondoka siku ile ile. Ila mwalimu mkuu alikohoa, bila kuarifu, akauliza, "Na zamu atashika nani?" Sisi walimu tukatazamana. Nakuambia, hajawahi mtu kutetewa kwa ufasaha kama ule. Tulisimama mmoja baada ya mwingine kueleza uhodari wake, uzalendo wake, na jinsi elimu ya taifa ingeyumba. Aliokolewa na uvivu wetu, akabakishwa.

Naye akaomba ruhusa aseme. Alikuwa na daftari mkononi. Alisema kwamba tangu utotoni dunia humwingia kwa fujo, mlio, harufu, hata nguo, na kwamba anapovurugwa hivyo siku mbili tatu, ndipo anapoanguka. "Sijui kama masikio ndiyo yanayoleta kuanguka, au kuanguka ndiko kulikoharibu masikio," alisema. "Nimemuuliza tabibu wa kambini anayenipa vidonge. Anasema huenda vina uhusiano, ila naye hana hakika. Kwa hiyo naandika. Ninaandika kilichotangulia, lakini kinachotokea nikiwa chini sikijui, kwa sababu sipo. Naomba mtu mmoja tu, maana hata wa nyumbani kwangu hunikimbia. Asinishike, asinimwagie maji, asiniwekee kitunguu puani. Nikitulia anilaze ubavu. Akae, atazame saa, aniambie."

 Mkono wangu ulianza kupanda, nausema ukweli, ulifika usawa wa sikio. Kisha nikaukumbuka ule upepo wa mwenye kuanguka unaoambukiza, nikajikuna kilemba kana kwamba ndicho nilichokusudia, nikaurudisha mapajani. Aliniona. Aliniitikia kwa kichwa kama vile nimemwarifu jambo.

Aliyekaa, hatimaye, hakuwa mmoja wetu. Alikuwa mama mkimbizi aliyekuja kutoka kambini siku za gulio kuuza mihogo nje ya lango la shule. Siku moja lori lilipasuka tairi barabarani, na Mwalimu wa Zamu, aliyekuwa akinunua mhogo, akaanguka palepale mbele ya beseni lake. Wateja wakatimka. Mimi nilikuwa dirishani. Yule mama hakunyanyuka hata kwenye kigoda. Alisogeza beseni ili asijigonge, akamkunjia kitenge chini ya kichwa, alipotulia akamlaza ubavu, kisha akaendelea kumenya mhogo wake. Tulimpigia kelele kutoka mbali: "Mama, toka hapo! Utaambukizwa! Akijamba umekwisha!"

Akatutazama, akaguna, akamwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Mana we! Mimi nimekimbia vita, mnataka nikimbie na ushuzi?"

Tulicheka, ndiyo, tulicheka wote kule tulikojificha. Lakini mimi niliondoka dirishani nikakaa chini, kwa sababu miguu yangu ilikuwa imeona haya kabla yangu.

Kwa muda wa miaka miwili hivi alikuwa na mtu. Akijisikia kuvurugwa alikwenda kukaa karibu na beseni la mihogo kama abiria anayewahi kituoni, na kitabu cha zamu kikaanza kuwa na habari mpya: "Dakika: kama kumenya mihogo miwili. Aliyebaki: Mama wa Mihogo." Halafu ikaja amri wakimbizi warudi kwao. Malori yakajaa tena, safari hii yakielekea mpakani. Yeye alisimama barabarani siku nzima katika honi zile na vumbi lote, masikio wazi, akitafuta kitenge anachokifahamu. Hakukiona. Wiki ile nilikisoma tena kitabu. "Aliyebaki: hakuna."

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Biharamulo, na nikiwa mkweli, nilifurahi kwenda mahali ambapo hakuna aliyejua kuhusu mkono wangu na kilemba.

Miaka ikapita mingi tu. Asubuhi moja nilikuwa stendi ya Biharamulo na kapu langu, nasubiri basi, nikamwona mtu mzima kakaa kwenye benchi na mkongojo, shati ndani nje, mfuko mzito wa mchele mapajani.  Nikamkaribia kwa mbele, taratibu, nikasimama hatua tatu.

"Mwalimu, naarifu," nikasema. "Natoa salamu. Shikamoo."

Akaziba masikio, akanitazama, akaitikia kwa kichwa. "Marahaba," akasema. "Umenenepa, binti. Umekuwa na kishindo."

Alikuwa amekuja hospitali kuchukua vidonge. Amestaafu, na vidonge vinamsaidia, anaweza kukaa miezi bila kuanguka, ila stendi hii, alisema, stendi hii ni helikopta tupu. Makondakta walikuwa wakigonga mabodi ya mabasi kwa viganja, muziki ukipigwa pande mbili, mtu akichoma mahindi, mwingine akimwaga dizeli. Niliona anaukumbatia ule mfuko wa mchele kwa nguvu zaidi. Jicho moja likafumba. Nikamwambia tuondoke, tukakae kule juu karibu na boma kwenye utulivu.

"Tumechelewa," akasema, kwa adabu kabisa. "Mwalimu, naarifu. Naanguka."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Mwalimu. Akaanguka.

Stendi ilisafishika ndani ya sekunde chache. Kondakta aliyekuwa akiita abiria alipanda juu ya basi. Mama mmoja alimwacha kuku wake, na kuku naye, akiwa amefungwa miguu, alijitahidi kusogea. Miguu yangu mimi ilishageuka kuelekea choo cha stendi, inaijua kazi hiyo. Nikaiambia hapana. Nikapiga magoti, nikasukuma mfuko na mkongojo kando, nikamwekea kanga yangu chini ya kichwa, nikaitazama saa. Kijana mmoja akaja mbio na njiti ya kiberiti aiwashe puani pake. Nikamfokea kama darasa la saba: "Rudi! Na ukirudi, arifu!" Akarudi.

Nikabaki peke yangu na yeye katikati ya uwanja mkubwa. Alipoanza kutulia nilimlaza ubavu, na ndipo, wapendwa, kile tulichokikimbia Kanazi nzima kikaja. Kilikuwa kidogo, cha kawaida, hata mtoto angekuwa na kikubwa zaidi. Nilikaa. Nilivuta pumzi, nikakaa. Sikuupata ugonjwa wowote. Nilichokipata ni hasira, miaka yote ile na uwanja wote ule, kwa kitu kama hiki!

Alizinduka pole pole. Alitazama kushoto, halafu kulia, akanikuta.

"Dakika?" akauliza.

"Mbili na nusu."

"Nilijamba?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na upo."

"Nipo."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa daftari lililochakaa, akanipa nimshikie wakati anatafuta kalamu. Lilikuwa limepigwa mistari kama kitabu cha zamu, tarehe, kilichotangulia, dakika, aliyebaki. Nilifunua nyuma. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko ule ule wa kunyooka. Akalichukua, akaandika stendi, akaandika mbili na nusu, na kwenye safu ya mwisho akaandika jina langu lote, la kwanza na la baba.

 Nilijua kwamba kinachokuja kitakuwa na sauti.

"Mwalimu," nikasema, "naarifu. Nalia."

Akaliweka daftari chini, akaziba masikio kwa vidole viwili, akakaa sawasawa, akaitikia kwa kichwa ili nianze.